Msumeno, Nahodha na Waliotembea: Njia Tatu za Kibuddha za Kuujibu Ukatili kwa Huruma

Mtu anayeanza kuusoma Ubuddha akitafuta neno la kumsaidia baada ya kutendewa ukatili, au baada ya kuona mwingine akitendewa, hukutana upesi na jambo linalomchanganya. Katika maandiko yanayomtaka awe na huruma kwa kila chenye uhai atakuta hotuba inayomwambia asimchukie hata anayemkata viungo kwa msumeno, na atakuta pia kisa cha nahodha aliyemuua mtu kwa mkono wake akasifiwa kwa huruma. Akija kwenye historia ya karne ya 20 atawakuta watawa wa Kambodia na Vietnam ambao hawakukaa wakavumilia wala hawakushika silaha, bali walikwenda mahali risasi zilipokuwa zikipita. Njia hizi tatu si majina matatu ya kitu kimoja. Kila moja inadai kitu chake kwa anayeifuata, inamlinda mtu wake, na ina namna yake ya kuharibika. Kwa sababu hiyo ninaziweka hapa sambamba, ili anayelazimika kuchagua ajue anachagua nini.

Msumeno

Hotuba ya msumeno ni ya 21 katika mkusanyo wa hotuba za urefu wa kati ulioandikwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, ambao ni sehemu ya maandiko ya Theravada, mojawapo ya matawi makubwa ya Ubuddha. Wengi huikumbuka kwa maneno ya mwishoni tu, pale Buddha anapowaambia watawa wake kwamba hata majambazi wakiwakata kiungo kimoja baada ya kingine kwa msumeno wenye mipini miwili, yule atakayeiruhusu chuki imwingie moyoni atakuwa hafuati mafundisho yake. Lakini hotuba haianzi na majambazi. Inaanza na mtawa aliyeitwa Moliya Phagguna, ambaye alikuwa akikasirika kila watawa wa kike aliokuwa karibu nao waliposemwa vibaya. Kisha inasimulia habari za Vedehika, bibi wa mji wa Savatthi aliyesifika kwa upole. Kijakazi wake, Kali, aliyekuwa hodari wa kazi, alijiuliza kama upole ule ni wa kweli au unatokana tu na kwamba kila kitu nyumbani kinakwenda sawa. Akachelewa kuamka siku ya kwanza, akachelewa zaidi siku ya pili, na siku ya tatu bibi mpole akamtwanga kichwani kwa komeo la mlango hadi damu ikatiririka.

Mpangilio huu una uzito kwa anayechagua. Msumeno ni kidato cha juu kabisa cha ngazi ambayo vidato vyake vya chini ni masengenyo, maneno makali na mtumishi aliyechelewa kuamka, na Buddha hamtaki mtu aruke kutoka chini hadi juu kwa siku moja. Anamtaka aukuze moyo uwe mpana kama ardhi, ambayo mtu mwenye jembe na kikapu anaweza kuichimba huku na kuitemea mate kule akitaka iishe udongo, naye atachoka yeye kabla ardhi haijapungua. Kinachozoezwa ni kutozaa chuki, kutotamka neno baya, na kuendelea kumtakia mema hata anayekuumiza.

Hotuba hii inazungumzia moyo na ulimi, na haisemi popote kwamba anayepigwa asikimbie, asipige kelele, au asimshitaki aliyempiga. Katika kisa cha Vedehika, Kali hakukaa jikoni akainamisha kichwa. Alitoka nje na damu yake, akawaita majirani waone kazi ya mikono ya bibi mpole, na msimulizi hamlaumu kwa neno hata moja. Kilichoanguka ni sifa ya Vedehika. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimewasikia watu, wengine wakiwa na nia njema, wakimpelekea hotuba ya msumeno mwanamke anayepigwa na mumewe, kana kwamba ni amri ya kubaki ndani ya nyumba ile. Wahenga wetu walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na hakuna mahali methali hiyo inapofaa zaidi kuliko hapa: ni rahisi mno kusifia ustahimilivu wakati mwili unaokatwa ni wa mwenzako. Buddha aliwaambia maneno haya watawa walioyataka wenyewe, juu ya miili yao wenyewe.

Buddhaghosa, mfafanuzi wa karne ya 5 aliyefanya kazi yake Sri Lanka, ana mtihani mmoja wa huruma ambao ningependa kila mshauri aujue. Mtu amekaa na wenzake watatu: mmoja anampenda, mmoja hamjali wala hamchukii, na mmoja ni adui yake. Majambazi wanakuja na kutaka wapewe mmoja wao, wamuue na kuitumia damu ya koo lake. Akisema wamchukue adui, huruma yake haijakamilika. Wala haijakamilika akisema, “Nichukueni mimi.” Imekamilika pale tu anapowatazama wote wanne, yeye mwenyewe akiwemo, asione hata mmoja anayestahili kutolewa. Kwa hiyo hata njia iliyo kali kuliko zote katika kumsamehe adui haimruhusu mtu kujitupa. Anayejihesabu kuwa si kitu bado hajavunja mipaka ambayo huruma inatakiwa kuivunja.

Njia hii ikifuatwa na mwenye jeraha mwenyewe, inaweza kufika mbali. Mwaka 1951, katika mkutano wa San Francisco wa kutia saini mkataba wa amani na Japani, J. R. Jayewardene, aliyekuwa waziri wa fedha wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, alitangaza kwamba nchi yake haitadai fidia. Ndege za Japani zilikuwa zimeishambulia nchi hiyo kwa mabomu mwaka 1942. Alitaja fundisho la Buddha kwamba chuki haikomi kwa chuki bali kwa upendo. Deni lililosamehewa lilikuwa la Ceylon, na aliyelisamehe alikuwa mwakilishi wa Ceylon.

Nahodha

Kisa cha nahodha kimo katika sutra, yaani andiko takatifu, ya Mahayana, tawi jingine kubwa la Ubuddha, inayoeleza mbinu za hekima za bodhisattva, yaani mtu aliyeweka nadhiri ya kuwafikisha viumbe wote kwenye ukombozi. Chomboni wamo wafanyabiashara 500, na pamoja nao yumo mtu mmoja aliyekusudia kuwaua wote na kuchukua mali yao. Nahodha, ambaye jina lake maana yake ni Mwenye Huruma Kuu, anaoteshwa habari hiyo na miungu ya bahari, na anaifikiri kwa siku saba. Akiwaambia abiria, watamuua yule mtu kwa hasira na adhabu ya kuua itawaangukia wao. Akinyamaza, watu 500 watakufa na muuaji ataungua jehanamu kwa muda usiohesabika. Anaona limebaki jambo moja tu, nalo ni yeye mwenyewe kumuua yule mtu kwa mkuki, akijua kwamba malipo ya kuua ni jehanamu na akikubali kwenda huko ili wengine wasiende.

Ukiilinganisha na msumeno, utaona kwamba huruma hapa imegawanyika kwa watu ambao hotuba ya msumeno haikuwagusa. Katika msumeno yupo anayekata na yupo anayekatwa, basi. Katika chombo kuna watu wa tatu, ambao wamelala hawajui kinachowajia, na mwenye kuamua si miongoni mwa waliokusudiwa pekee bali ni mwenye dhamana ya roho zao. Swali la nahodha haliwezi kujibiwa kwa kusafisha moyo tu. Hata hivyo, kinachonigusa zaidi ni kwamba katika sababu zake zote, hatima ya muuaji imehesabiwa sawa na ya abiria: anamzuia kwa ajili yao, na anamzuia kwa ajili yake pia.

Asanga, mwanazuoni wa Kihindi wa karne ya 4, aliliingiza jambo hili katika maelezo ya maadili ya bodhisattva, akaweka sharti kwamba tendo kama hilo lifanyike kwa moyo wa huruma na kwa kulichukia tendo lenyewe. Mahali hapohapo anasema pia kwamba bodhisattva atawaondoa madarakani watawala na maofisa wakatili wanaowatesa watu, na kwamba atavinyang'anya vilivyoibwa kutoka kwa wezi. Sehemu hii husahaulika, nami naiona kuwa ina manufaa kuliko mkuki, kwa sababu inaonyesha kwamba nguvu inaweza kutumika kumwondolea mtu uwezo wa kudhuru bila kumwondolea uhai.

Udhaifu wa njia ya nahodha unajulikana, na umelipiwa kwa damu. Masharti yake ni mazito: awe na hakika, asiwe na njia nyingine, asiwe na chembe ya chuki, na awe tayari kubeba adhabu. Watu walioitumia katika historia walikumbuka kuua, wakasahau jehanamu. Viongozi wa Zen nchini Japani waliunga mkono vita vya nchi yao kwa lugha ya upanga unaotoa uhai, na madhehebu ya Soto, mojawapo ya matawi ya Zen, yalitoa tamko rasmi la toba mwaka 1992, takriban miaka 47 baada ya vita kwisha. Kundi la Aum Shinrikyo, lililochota mafundisho yake kwa sehemu kutoka Ubuddha wa Kitibeti, lilihalalisha mauaji kwa kudai kwamba linawapeleka waliouawa kwenye maisha bora, na tarehe 20 Machi 1995 likamwaga sumu ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo, watu zaidi ya 10 wakafa na maelfu wakaumia.

Wala tusidhani kwamba kasoro hii ni ya Mahayana peke yake. Mahavamsa, kumbukumbu ya kale ya Sri Lanka iliyoandikwa kwa Kipali, inasimulia kwamba mfalme Dutthagamani alipohuzunika kwa maelfu aliowaua vitani, watawa watakatifu walimfariji wakisema kwamba kwa hakika ameua mtu mmoja na nusu tu, kwa kuwa mmoja alikuwa amemkimbilia Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya watawa, na mwingine alishika amri tano za msingi za Wabuddha, na waliobaki walikuwa kama wanyama. Mwezi Oktoba 2017, wakati mamia kwa maelfu ya Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache, walikuwa wakikimbilia Bangladesh kutoka Myanmar, mtawa mwandamizi wa nchi hiyo alikisimulia kisa hiki mbele ya maofisa wa jeshi. Tofauti kati ya mfalme huyu na nahodha ndiyo kipimo ninachompa yeyote anayeivutia njia hii upande wake. Nahodha alimhesabu muuaji kuwa mtu kamili na akaipokea adhabu. Dutthagamani alipunguziwa hesabu ya watu ili asiione adhabu. Ni kweli kwamba sutra inaeleza kuwa huruma ya nahodha ilimfupishia safari ya kuzaliwa na kufa, lakini hakuua kwa kutegemea punguzo hilo. Pale ambapo anayeua anaanza kufarijiwa kabla hajahuzunika, huruma imekwisha kuondoka.

Waliotembea

Njia ya tatu haina sutra yake moja, ingawa wanaoifuata hukumbuka ugomvi wa koo mbili jirani, Wasakya na Wakoliya, juu ya maji ya mto Rohini. Kwa mujibu wa wafafanuzi wa kale, Buddha alikwenda akasimama kati ya majeshi mawili yaliyokuwa tayari kupigana, akawauliza wakuu maji yana thamani gani na damu ya watu ina thamani gani. Huruma ya namna hii haimalizikii moyoni kama ya msumeno, wala haiwezi kumaliza jambo kwa pigo moja kama ya nahodha. Ni mwili uliopelekwa mahali penye hatari bila silaha.

Mtawa Maha Ghosananda wa Kambodia ndiye mfano ninaoujua ulio kamili kuliko yote. Utawala wa kikomunisti wa Khmer Rouge wa mwaka 1975 hadi 1979 uliua watu wapatao milioni 1.7, ukawamaliza karibu watawa wote, na familia yake mwenyewe iliangamia. Alipokwenda kwa wakimbizi waliovuka kuingia Thailand, alijenga hekalu la mianzi kambini, mahali ambapo wafuasi wa Khmer Rouge walikuwamo bado na walitishia watakaohudhuria. Maelfu walikuja. Hakuwahutubia siasa. Alikariri beti kwamba chuki haikomi kwa chuki, akairudia tena na tena kwa Kipali na Kikhmer, na watu wakaikariri pamoja naye huku wakilia. Mwaka 1992 aliongoza matembezi ya wakimbizi na watawa kutoka mpakani hadi Phnom Penh, kupitia maeneo yaliyotegwa mabomu ya ardhini, na matembezi hayo yakarudiwa miaka iliyofuata. Mwaka 1994 watembeaji walinaswa katikati ya mapigano, na mtawa mmoja wa kiume na mmoja wa kike wakauawa.

Nchini Vietnam, mtawa Thich Nhat Hanh na wenzake walianzisha katikati ya miaka ya 1960 shule ya vijana wa huduma za jamii, iliyojenga upya vijiji vilivyopigwa mabomu na kukataa kuchagua upande wa vita. Kwa kukataa huko, walishukiwa na pande zote mbili. Mwaka 1967 vijana watano wa shule hiyo walichukuliwa usiku hadi ukingoni mwa mto wakapigwa risasi, wanne wakafa. Yule aliyepona alieleza kwamba wauaji walisema wanasikitika, lakini wamelazimishwa kuwaua. Katika mazishi, wenzao waliwashukuru wauaji kwa kusema hivyo, kwa kuwa maneno hayo yalionyesha kwamba hata wao hawakuwa huru. Ninapousoma mwenendo huo ninaona msumeno ndani yake: bila mazoezi ya moyo, vijana wale wasingeweza kuzungumza hivyo mbele ya majeneza.

Anayeichagua njia hii ajue pia kwamba haina dhamana ya kufaulu. Wafafanuzi walewale wanasimulia kwamba mfalme Vidudabha alipotoka kwenda kuwaangamiza Wasakya, watu wa ukoo wa Buddha, alimkuta Buddha ameketi chini ya mti wenye majani machache mpakani, karibu na mti wenye kivuli kizuri. Alipomuuliza sababu, alijibiwa kwamba kivuli cha ndugu ndicho kinachoburudisha. Mfalme akarudi nyuma. Jambo hilo likatokea mara tatu. Mara ya nne Buddha hakwenda, na Wasakya wakauawa.

Kuchagua kulingana na mahali uliposimama

Kama wewe ndiye uliyeumizwa, msumeno ni wako, lakini ni wako kwa maana ya kwamba hakuna mwingine mwenye haki ya kukupa. Kwanza toka, kama Kali; onyesha jeraha, tafuta pa kulala salama, peleka shauri panapohusika. Kuutoa moyo katika chuki kunakuja baadaye, na kunakuja taratibu. Buddhaghosa mwenyewe anakataza kuanza na adui: mtu ajitakie mema yeye kwanza, kisha ampendaye, kisha asiyemjali, na adui awe wa mwisho. Akishindwa, arudi nyuma, ajaribu kumwazia adui kwa njia nyingine, na njia anayoitaja mwishoni kabisa ni kumpa au kupokea kutoka kwake zawadi. Haharakishi mtu, nami nisingemharakisha.

Kama wewe ni shahidi, yaani jirani, mwalimu, ndugu wa familia au raia anayeona wengine wakiteswa, njia ya waliotembea ndiyo ningekushauri. Kwa shahidi, msumeno unaweza kuwa jina zuri la uoga, na nahodha jina zuri la hasira. Kusimama kati hakuhitaji kuwa na hakika juu ya kilichomo moyoni mwa mtu mwingine, jambo ambalo nahodha alilipata kwa miungu na sisi hatunalo, na ukikosea bado unaweza kurekebisha. Tena si lazima iwe safari ndefu. Watawa wa Myanmar waliogeuza bakuli zao za sadaka chini juu mwaka 2007, wakikataa kupokea chakula kutoka kwa wanajeshi na familia zao, waliwanyima watesaji nafasi ya kujipatia thawabu, na waliimba maneno ya upendo barabarani walipokuwa wakifanya hivyo.

Kama una mamlaka, kwa maana ya kwamba polisi, shule, ukoo au nchi inakusikiliza, huwezi kukwepa swali la nahodha, lakini ningekuomba usome kwanza habari za mfalme Pasenadi wa Kosala. Mpwa wake Ajatasattu alimshambulia, akashindwa, akakamatwa. Pasenadi alimnyang'anya tembo, farasi, magari ya vita na askari wake wote, kisha akamwachia huru akiwa hai. Huo ndio ule upande wa Asanga unaosahaulika: uwezo wa kudhuru uondolewe, mtu abaki. Pasenadi huyohuyo alitoka na wapanda farasi 500 kumsaka Angulimala, jambazi aliyevaa shada la vidole vya aliowaua, akamkuta amekwisha kuwa mtawa mbele ya Buddha, akamwacha, akaahidi kumpatia mavazi na chakula. Nchini Uingereza, shirika la Wabuddha linalowahudumia wafungwa tangu mwaka 1985 limechukua jina la jambazi huyo. Watu wa Savatthi hawakumwachia kwa wepesi. Alipopita akiomba chakula walimpiga kwa mawe na fimbo, akarudi kwa Buddha kichwa kimepasuka na bakuli limevunjika. Buddha hakuwalaumu waliorusha mawe. Alimwambia Angulimala avumilie.